Picha za Arusi Zimekwenda Wapi?

Wengi wenu mna sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mna hati ya shamba, vyeti vya watoto, stakabadhi za kahawa, na pengine picha moja ya zamani ya babu amekaa kitini, mikono magotini, wala hacheki. Picha ile imekaa miaka 60, mende wameila pembeni, lakini babu bado yumo. Je, picha mlizopiga mwaka juzi kwa simu ziko wapi?

Nimeanza kujiuliza swali hili tangu mambo yaliyompata mpwa wangu. Nayaeleza hapa kwa sababu yaweza kumpata mtu ye yote mwenye kompyuta, na siku hizi kompyuta zimefika mpaka kwa karani wa chama cha msingi na katika duka la kutolea nakala kando ya stendi.

Mpwa wangu ni mpiga picha wa arusi katika mji mdogo wa soko, wilayani Mbinga. Kazi yake hufuata kahawa. Watu wakiisha kulipwa, arusi zafuatana, na Jumamosi zote zajaa. Yeye na kijana wake hushika kamera mbili tangu bibi arusi anapovikwa shela mpaka keki inapokatwa. Saa moja ya video kwa kamera yake hula kama gigabaiti 22. Kamera mbili zikifanya kazi saa tatu na nusu kila moja, arusi moja imekwisha kula gigabaiti 150 na kitu.

Zote hizo alikuwa akiziweka katika diski moja ya nje, ile ndogo ya kuingia mfukoni. Ilikaa mezani, waya wake ukining'inia. Siku moja mwezi wa Februari mtoto alipita mbio, mguu ukanasa waya, diski ikaanguka sakafuni. Haikuvunjika. Hata mkwaruzo haikuwa nao. Lakini alipoichomeka tena ikalia tik, tik, tik, na kompyuta haikuona kitu.

Hapana budi nieleze kidogo kwa nini. Ndani ya diski ya namna ile mna sahani zinazong'aa kama kioo, zinazozunguka mara 5,400 au mara 7,200 kila dakika. Juu ya sahani pana mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea, nacho hakigusi sahani, bali huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno, ndogo kuliko unene wa unywele mara elfu nyingi. Kitu cha namna hiyo kikianguka huku kinazunguka, kichwa chapiga sahani, na kule kulia tik tik ni mkono unaotafuta njia usiione.

Basi, ndani ya diski ile ilikuwamo arusi moja ya mwezi wa Oktoba. Wenyewe walikuwa hawajamaliza kulipa nusu ya pili ya fedha, kwa hiyo mpwa wangu alikuwa hajawakabidhi kazi yao. Mwezi wa Januari baba wa bibi arusi akafariki. Mzee huyu alikuwa amesema maneno marefu ukumbini siku ile, akimkabidhi binti yake kwa wakwe, nao watu walicheka na kulia pamoja. Binti alipokusanya fedha iliyobaki akaja kuchukua video yake, maana alitaka kuisikia sauti ya baba.

Jioni ile mpwa wangu akaja kwangu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti yako imekuwa ndogo?"

"Mjomba, yule dada nimwambie nini?"

Nikamwambia amwambie kweli, na amrudishie fedha yake yote. Alifanya hivyo. Yule dada hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi la wateja muda mrefu, kisha akaaga kwa adabu, akaenda. Mpwa wangu alisema angalifurahi zaidi kama angalitukanwa.

Diski yenyewe aliipeleka Dar es Salaam kwa fundi mmoja aliyesifiwa. Fundi alikaa nayo wiki tatu, akala fedha, akairudisha ikiwa kimya kabisa. Baadaye tukafahamu kwamba aliifungua juu ya meza yake, dirisha likiwa wazi. Diski kama hii hufunguliwa katika chumba ambacho hewa yake imechujwa vumbi, na hata humo kazi yaweza kushindikana, na malipo yake ni makubwa. Ndugu msomaji, diski yako ikianza kulia tik tik, izime upesi, usiiwashe tena na tena kwa kujaribu bahati, wala usimpe kila ajiitaye fundi.

KASHA NI KITU GANI

Mpwa wangu akaamua kununua kasha la diski mbili, akaja kuniomba mkopo, maana bei yake pamoja na diski zake ilikaribia bei ya ng'ombe mzuri. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika. Lakini mtu anayetaka fedha yangu hunieleza kwanza anakwenda kununua nini, na nisipoelewa, anaeleza tena.

Kasha hili ni kama redio ya zamani kwa ukubwa. Mbele lina mlango, na ndani mna nafasi za kusukumia diski, mbili, au nne, au zaidi. Nyuma lina feni, waya wa umeme, na waya mmoja wa kwenda kwenye kompyuta. Yako mengine yanayofungwa kwenye mtandao wa nyumba ili kompyuta nyingi ziyafikie, lakini kwa mtu mwenye kompyuta moja hilo la waya latosha, tena ni rahisi.

Faida yake ni kwamba diski zile zaweza kupangwa zifanye kazi pamoja. Mpango wenyewe vijana huuita reidi, nao una historia. Diski ya kwanza ya kompyuta iliyouzwa ilikuwa ya kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yapata sentimita 61 kwa upana, mtambo wote ulipita uzito wa tani moja, na yote hayo kwa kutunza herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza kujaza mtambo ule. Kwa miaka mingi waliokuwa na fedha walinunua diski moja kubwa ya bei kali na kuitegemea. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wakaandika kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu, zikipangwa kwa akili, zaweza kuishinda ile moja ya gharama, na moja ikifa kazi isisimame.

Sasa mipango yenyewe. Fikiri una kitabu cha hesabu na makarani wawili. Mpango wa kwanza ni kuwapa kila mmoja kitabu chake, waandike maneno yaleyale kwa wakati uleule. Karani mmoja akiugua, kitabu cha mwenzake kimekamilika. Huo ni reidi 1, yaani kioo. Diski mbili za terabaiti 4 zitakupa nafasi ya terabaiti 4 tu, kwa sababu ya pili yarudia ya kwanza. Kwa mpwa wangu hizo ni arusi kama 26.

Mpango mwingine ni kumpa huyu kurasa za witiri na yule kurasa za shufwa. Kazi yakwenda mbio, na nafasi ni terabaiti 8 kamili. Lakini nyumba moja ikiungua, utasoma nini katika kitabu kilichobaki na kurasa za shufwa peke yake? Huo ni reidi 0. Angalieni sana hapa, kwa sababu makasha mengine hutoka kiwandani yamewekwa hivyo, nafasi ionekane kubwa. Mtu aweza kudhani amepata usalama, kumbe amejiongezea hatari, kwa kuwa diski ye yote kati ya mbili ikifa, zote mbili zimekwenda.

Makasha ya diski tatu na kuendelea yana mpango wa tatu ambao ulinipendeza kuliko yote. Diski ya kwanza imeandika 7, ya pili 5, na ya tatu imeandika jumla yao, 12. Ya pili ikifa, wachukua 12, watoa 7, nayo 5 yarudi kama iliyofufuka. Kwa kweli mashine haijumlishi namna hii hasa, wala haiweki jumla zote katika diski moja, lakini maana ndiyo hiyo. Huu ni reidi 5. Diski nne za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 12, na moja ikifa hupotezi kitu. Zikifa mbili umepotewa na yote.

Kwa mpwa wangu tulichagua kioo. Kitu ambacho mtu aweza kumweleza mke wake kwa maneno mawili ndicho kinachofaa nyumbani.

KULINUNUA

Kwanza, mwulize mwenye duka swali hili: kasha lenyewe likifa, diski zake zaweza kusomeka nje yake? Makasha mengine huandika kwa namna yao wenyewe, hata diski zikiwa nzima hazisomeki ila katika kasha la kampuni ileile. Mpwa wangu alikuwa mwerevu. Kabla hajatia kazi yo yote ya maana, aliweka picha chache za mbuzi wangu, akazima kasha, akachomoa diski moja na kuichomeka katika kompyuta peke yake. Mbuzi walionekana. Ndipo akaliamini.

Pili, aina ya diski. Ziko ambazo njia zake za maandishi zimelaliana kidogo kama bati za paa. Hivyo hubeba mengi kwa bei ndogo, lakini ukitaka kubadili bati moja wafumua na za jirani, na kazi yawa ya polepole mno diski mpya inapojazwa upya. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wakiuza diski za namna hii bila kuandika wazi. Kwa kasha la diski nyingi tafuta zile zisizolaliana. Na kama waweza, usinunue mbili zilizotoka katika boksi moja siku moja. Ndugu mapacha huugua pamoja.

Tatu, jihadhari na bei ya ajabu. Ziko diski za uongo zinazojitangaza kuwa na terabaiti 16 na ndani hamna hata gigabaiti 100. Kompyuta yenyewe hudanganyika, nawe utagundua siku itakapojaa na maandishi mapya yatakapokuwa yanafuta ya zamani. Dawa ni kuijaza yote kabla ya kuitumia, kisha kufungua kila ulichotia.

Na ukiisha kupanga reidi yako, usichezee kile kitufe cha nyuma. Kubadili mpango hufuta diski zote.

KUISHI NALO

Kasha si kitu cha kuweka na kusahau. Umeme wetu mnaujua. Wakatika katikati ya kazi, na ukirudi warudi kwa kishindo. Mpwa wangu alinunua ile betri ya akiba ambayo watu huiita UPS, nayo humpa dakika kama kumi za kumaliza na kuzima kwa adabu. Majira ya mvua, radi zikianza kunguruma upande wa ziwani, huchomoa waya ukutani kabisa, kwa sababu kuzima swichi hakuzuii radi. Feni huvuta vumbi la barabarani, kwa hiyo kila mwezi hupitisha brashi. Kasha halikai tena mezani. Liko katika rafu ya chini, limesukumwa mpaka ukutani, na waya umefungwa kwenye mguu wa rafu. Mtoto apite atakavyo.

Lina taa mbili za kijani. Moja ikigeuka nyekundu, diski yake imekufa au yakaribia. Hapo watu wengi hufanya kosa. Wanaona kasha lafanya kazi bado, wanasema, nitanunua diski mwezi ujao. Siku hizo zote anatembea kwa mguu mmoja. Na hata ukiingiza mpya mara moja, kuijaza terabaiti 4 kwa mwendo wa megabaiti 150 kila sekunde huchukua saa 7 na zaidi, na saa hizo diski iliyobaki yafanya kazi nzito kuliko siku zake zote.

Mpwa wangu alilipenda kasha lake mno. Akawa na majivuno kidogo, akawaambia wateja kwamba kwake hakipotei kitu tena. Mimi nilikuwa nimempa mkopo kwa sharti moja, ambalo yeye aliliona la kizee. Katika chama chetu cha ushirika tulikuwa na desturi: kitabu cha nakala hakilali nyumba moja na kitabu chenyewe. Kwa hiyo nilimtaka anunue na diski mbili ndogo za pembeni. Kila Jumamosi jioni aiache moja kwangu, imejazwa kazi zake zote mpya, na kuichukua ile iliyolala kwangu wiki nzima. Alikubali kwa sababu alihitaji fedha.

Hata usiku mmoja wa Agosti, baada ya arusi mbili mfululizo, alikaa kusafisha nafasi. Macho mazito. Akaona folda mbili zenye majina yaliyofanana, akafuta moja, akakubali swali la kompyuta bila kulisoma. Asubuhi arusi nzima haikuwapo. Akafungua diski ya kwanza, haimo. Akachomoa ya pili, haimo. Nani angeiweka? Kioo ni kioo. Ukifuta uso wako kwa kitambaa, na aliye kiooni anafuta. Makarani wale wawili waliambiwa futeni, wakafuta wote wawili kwa utii.

Alikuja kwangu kwa bodaboda kabla sijanywa uji, akasahau hata kuamkia. "Mjomba, ile diski iko wapi?" Ilikuwa katika sanduku la bati, chini ya kitenge cha marehemu dada yangu, mama yake. Arusi ilikuwamo.

Na wakubwa wa dunia wamepatwa na hayo hayo. Mwaka 1998, katika kampuni ya Pixar kule Marekani, walipokuwa wakitengeneza senema ya Toy Story 2, mtu mmoja alitoa amri isiyo sahihi katika kompyuta, na kazi nyingi ya senema ile ikaanza kufutika mbele ya macho yao. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa, wala hakuna aliyejua. Waliponea kwa mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala. Wakaifunika kwa mablanketi, wakaileta kwa gari polepole kama mgonjwa. Senema ikatoka mwaka 1999.

Hata moto. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni kubwa ya kutunza kazi za watu katika kompyuta liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na wako wateja waliopoteza kila kitu kwa kuwa na nakala zao zilikuwa palepale. Tena kuna wale wahalifu wanaofunga kompyuta ya mtu kwa ufunguo wa siri na kudai fedha. Mwezi wa Mei 2017 ugonjwa wa namna hiyo ulienea katika nchi zaidi ya 150. Kasha lililochomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Diski iliyolala sandukuni haina mlango wa kuingilia.

Wapiga picha wa Marekani wana hesabu yao ya 3, 2, 1, aliyoieneza mwenzao Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mahali pengine. Mpwa wangu aliisoma baadaye katika simu yake, akaja kunionyesha kana kwamba ni habari mpya. Ameongeza na jambo lake mwenyewe, nalo ni jema. Kila mwisho wa mwezi hufungua kazi moja kutoka diski ya pembeni na kuitazama dakika kadhaa, ajue kwamba yafunguka.

Nanyi ambao hamna kompyuta, wala hamhitaji kasha? Fungueni simu zenu jioni hii, mchague picha 20 ambazo hamtaki zipotee. Mbili au tatu zichapwe karatasini mtakapokwenda mjini, na zote wapelekeeni watoto walio mbali wazitunze katika simu zao.

Yule dada wa Oktoba hatukumsahau. Mpwa wangu alizunguka kwa watu wote aliowakumbuka ukumbini siku ile, mmoja mmoja, akiuliza kama walipiga cho chote. Ilimchukua miezi. Mwisho, shangazi mmoja upande wa bwana arusi alikuwa na sekunde 40 katika simu yenye kioo kilichopasuka. Picha yatikisika, mtoto analia karibu, lakini mzee anasikika akisema, "Binti yangu huyu anajua kulima na anajua kusoma, msimpe jembe tu," na watu wakacheka.

Dada huyo anayo katika simu yake, na kaka zake watatu wanayo katika zao. Imo katika diski zote mbili za kasha, na moja imelala kwangu. Mpwa wangu anasema iko mahali saba. Mimi nasema sita, maana kasha lile nalihesabu moja.